Upepo kwenye turubai la Mjomba

Kwa miaka sita nilikuwa namwitikia mjomba wangu "eeh, mjomba" bila kusikia anachosema. Tunatoka Mtwara mjini kwenda kwake Newala, yeye kakaa kushoto, mimi nipo kwenye usukani, na tukishaipita Naliendele spidi ikipanda naona midomo yake inacheza lakini sauti haifiki. Upepo unaichukua. Nilikuwa namtazama usoni: akitabasamu nami natabasamu, akitikisa kichwa nami natikisa.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, namba inayotaja inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Series III zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, na hii yetu ni ya turubai: mbele kioo bapa kinachoweza kulazwa juu ya boneti, nyuma matao ya chuma yaliyovishwa turubai na kufungwa kwa kamba ubavuni. Mjomba aliinunua mnadani ikiwa imeshachoka, akaizungusha kwenye korosho miaka mingi. Macho yalipoanza kumsumbua alinikabidhi ufunguo mimi, mtoto wa dada yake, mbele ya wanawe, na hakuna aliyenuna. Kwetu Wamakonde mpwa si mtu wa pembeni.

Ndiyo maana sikutaka kuliuza, wala kulivisha paa la bati kama kila mtu alivyonishauri. Na sikutarajia liwe kimya kama gari la kisasa. Umbo lake ni la sanduku, na sanduku ukilikimbiza dhidi ya upepo lazima lipige kelele. Nilichotaka ni kumsikia mtu mzima aliyekaa chini ya mita moja kutoka bega langu, tukiwa kwenye 70, bila yeye kupaza sauti. Mjomba ana zaidi ya miaka 70 sasa na sauti yake imekuwa nyembamba. Hata angekuwa na nguvu, si mtu wa kumpigia kelele mtoto wa dada yake.

Kosa la kwanza lilinila pesa. Fundi wa masofa alinipimia sponji na zulia, tukatandika sakafu nzima na kupandisha mpaka kwenye ukuta wa injini. Mvumo wa giaboksi ulipungua kweli, tairi nazo. Upepo ukabaki vilevile, na sasa nausikia vizuri zaidi kwa sababu hakuna kingine cha kuufunika. Zulia zito huzuia sauti inayopita kwenye bati. Haliwezi kuzuia sauti inayoingia kwenye mwanya pamoja na hewa; hata ukitandika magodoro manne, mwanya ukiwa wazi sauti itapita papo hapo. Masika ilipofika sponji likanywa maji, gari zima likanuka kama ndoo ya deki. Nikaling'oa lote.

Kabla ya kuulaumu upepo, basi, hakikisha ni wenyewe. Kaa kwenye 60, rudi gia ya tatu, halafu panda ya nne, spidi isibadilike. Sauti inayobadilika ni ya injini na giaboksi. Ukitoka kwenye lami laini ukaingia kwenye lami ya kokoto, inayobadilika ni ya tairi. Inayobaki muda wote ndiyo ya upepo. Na kumbuka kwamba upepo hauongezeki sawasawa na mshale wa spidi: kutoka 60 kwenda 80, msukumo wake kwenye kioo unapanda karibu mara 1.8, na kelele zinapanda zaidi ya hapo. Kupunguza spidi kwa 10 tu kulinipa nafuu kuliko zulia lote lile.

Siku niliyoanza kuelewa nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Kulikuwa na filimbi kali kwenye kona ya juu ya mlango wake, pale fremu ya dirisha inapokutana na fremu ya kioo cha mbele. Ilikuwa inamkera mpaka akavua kanga begani, akaiviringisha pembe yake na kuisukumiza kwa kidole kwenye ule mwanya. Filimbi ikakatika ghafla, kama mtoto aliyepewa ziwa. Tukatazamana. Halafu, kwa mara ya kwanza, tukasikia juu ya vichwa vyetu turubai likipiga, pa-pa-pa-pa, sauti ambayo ilikuwepo siku zote chini ya filimbi na hatukuijua. Jambo hili humkatisha tamaa anayetengeneza. Unaziba tundu moja, unasikia kelele nyingine, unadhani hujafanya lolote. Kumbe umefunua ya pili.

Kuanzia hapo nikaacha kusema "kelele" na kuanza kuzitofautisha. Filimbi ni mwanya mdogo wenye ukingo mkali. Mvumo mzito, ule wa kupulizia kwenye mdomo wa chupa, ni nafasi kubwa iliyo wazi, kama dirisha lililoachwa kidogo au pazia la nyuma lililolegea. Kupiga ni kitambaa kinachocheza. Dawa ya moja haiponyi nyingine, na nadhani mafundi wengi tuliowapelekea gari walishindwa hapo: walisikia "upepo" wakaleta raba.

Kutafuta mianya, mwalimu wangu alikuwa vumbi. Wakati huo lami ya njia ya Newala ilikuwa inaishia Mnivata, kilomita 50 kutoka mjini, kisha unaingia kwenye udongo mwekundu wa Uwanda wa Makonde. Nilizoea kulifuta nikifika. Safari moja sikulifuta. Nilichukua tochi nikakagua ndani pole pole. Chini ya kioo cha mbele, kwenye vile vifuniko viwili vya kuingizia hewa, vumbi lilikuwa limetawanyika kama feni iliyofunguliwa. Hewa ilikuwa inaingia kwa nguvu hata vifuniko vikiwa vimefungwa, maana raba yake ilishakuwa makapi. Chini ya kioo, pale fremu inapokalia bodi, kulikuwa na mstari mwembamba kama wa penseli. Nyuma vumbi lilikuwa kila mahali bila mstari wowote. Gari lenye mgongo bapa huacha ombwe nyuma yake, na ombwe hilo hurudisha vumbi ndani kupitia chini ya pazia.

Lakini kona ya ile filimbi haikuwa na vumbi hata chembe. Hilo lilinisumbua wiki nzima. Nilifunga kipande cha karatasi kwenye mlango gari likiwa limesimama, nikakivuta. Kilishikwa vizuri, maana yake raba inabana. Jibu lilikuja kwa vijiti vya udi. Mdogo wangu aliwasha kimoja, akakishika juu ya kopo, mimi nikaendesha taratibu mpaka 60 asubuhi na mapema. Moshi ulisimama wima. Alipousogeza kwenye ile kona ukapinda, ukanyooka kama uzi na kumezwa nje. Hewa ilikuwa inatoka. Upepo unapozunguka ukingo wa kioo cha mbele hukimbia zaidi, na mgandamizo wake hushuka, kwa hiyo hewa ya ndani huvutwa nje. Na si hewa tu: fremu yote ya dirisha huvutwa nje nayo. Mwanya uliofungwa gari likisimama unafunguka likikimbia. Ndiyo maana karatasi ilinidanganya.

Haya majaribio nayafanya alfajiri, na sababu ni pepo zetu. Kusi likishika, Juni, Julai, Agosti, mchana huwezi kujua kama kelele ni ya spidi yako au ya upepo uliokuja wenyewe kutoka baharini. Ukijaribu saa kumi na mbili asubuhi ukarudia saa tisa alasiri, utaapa ni magari mawili tofauti. Mimi nilichagua kipande kimoja cha lami, nikawa nakwenda na kurudi kwa spidi ileile, nikiziba sehemu moja kwa utepe wa gundi wa wapaka rangi, nasikiliza, nabandua, naziba nyingine. Utepe wa shilingi elfu chache ulinieleza mengi kuliko mafundi watatu.

Marekebisho yenyewe, ukishajua mahali, ni mepesi. Raba mpya laini kwenye vifuniko vya hewa. Raba mpya chini ya fremu ya kioo. Fremu za madirisha za Land Rover hii hufungwa kwenye mlango kwa nati, na zangu zilikuwa zimelegea. Fundi alizikaza baada ya kuinamisha fremu ndani kidogo, ili upepo ukiivuta nje ibaki bado imeibana raba. Vioo vya kusukuma hupita kwenye mfereji wenye kitambaa cha sufu. Changu kilikuwa kimeoza na kuota ukungu, tukakitoa na kuweka kipya. Keria niliyokuwa nimeifunga juu nikaishusha, naifunga siku ya mzigo tu. Na kama una mkanda bapa wa kufungia mizigo nje, usiuvute ukiwa umenyooka, utavuma kama uzi wa zeze. Usokote nusu mzunguko kabla ya kuukaza, utanyamaza.

Turubai lilinichukua miezi.

Nilikuwa nimenunua turubai la malori, zito, nikiamini uzito ndio ukimya. Lilipiga vibaya kuliko lile chakavu la mwanzo. Jua la saa saba likilichoma linalainika, linalegea, na upepo unalinyanyua kati ya tao na tao kama mkate wa kumimina unaovimba, kisha linaanguka, linanyanyuka tena. Mafundi waliendelea kuniambia ninunue zito zaidi.

Mtu mmoja kazini aliniambia, dada, wewe nenda Mikindani, pale kilomita kama 10 tu, kuna mzee anashona matanga. Nikaenda. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, tanga la ngalawa limemfunika miguu, sindano ndefu mkononi na kipande cha ngozi kimefungwa kiganjani cha kusukumia sindano. Nikamwamkia, nikaeleza shida. Hakuinuka mara moja. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akaniambia nilisogeze gari ufukweni nilielekeze kwenye kusi.

Ilikuwa alasiri. Upepo ukalikamata turubai likaanza kupiga hata gari limesimama. Mzee akalizunguka mara moja akiangalia, kisha akaweka kiganja chake kwenye pindo la chini, kati ya kamba mbili. Pale alipogusa pakanyamaza. Akatoa mkono, pakapiga. Akagusa tena. "Mwanangu," akasema, "nguo hii umeifunga. Hujaikaza."

Akanionyesha. Pindo lililokatwa moja kwa moja hushikwa kwenye kamba tu. Katikati ya kamba na kamba halivutwi na kitu, kwa hiyo lazima lichezecheze, na mchezo ule hupanda mpaka juu. Tanga halikatwi hivyo. Kati ya kamba na kamba pindo hubonyea ndani kidogo, kama mwezi mchanga, na ndani yake hushonewa kamba. Ukivuta, ile kamba inataka kunyooka, na ikitaka kunyooka inavuta nguo yote pamoja nayo, hakuna sehemu inayobaki bila kazi. Alipima kwa mkono wake: vidole viwili vya kubonyea kwenye kila nafasi. Kisha akasema kamba ni chache, ziongezwe ziwe mara mbili.

Kitambaa alichagua cha pamba, chepesi kuliko langu la lori. Pamba ikilowa hujikunja na nyuzi zake huvimba zikaziba matundu ya sindano, ndiyo sababu haivuji kirahisi. Lakini kwa sababu hiyohiyo ukiikata ikiwa mpya utaumia mvua ya kwanza, itajivuta na kung'oa vishikizo. Tuliiloweka na kuianika mara mbili kabla ya mkasi kuigusa. Uzi alitaka wa poliesta, kwa kuwa wa pamba jua la pwani huukata mapema. Nilikaa naye siku nne. Sijawahi kuona mtu anayepima kwa kuvuta badala ya kupima kwa futi. Kila baada ya shubiri anavuta kitambaa pembe kwa pembe, anatazama kinavyojikunja, anaamua.

Mimi nilibaki na matao. Moja lilikuwa limepinda tangu enzi za Mjomba, na turubai halikai sawa juu ya tao lililopinda hata likishonwa na nani. Gereji wakalinyoosha. Nikakata tyubu kuukuu ya tairi vipande virefu, nikayaviringishia matao yote, ili kitambaa kisigonge chuma. Kutoka tao hadi tao nikavuta mikanda miwili chini ya turubai, liiegemee. Mwisho nikashonesha bitana ya blanketi jepesi ya kuvalisha kwa ndani upande wa mbele, juu ya vichwa vyetu, inayotolewa kwa vifungo. Itolewe kweli: msimu wa mvua niliiacha wiki mbili ikaota ukungu.

Kuna mambo mawili ninayoomba msiyarudie. Nilipokuwa na hamasa ya kuziba, niliziba kwa silikoni hadi vitundu vilivyo chini ya milango. Vile si mianya ya upepo, ni njia ya maji. Bodi ya gari hili ni ya aluminiamu na inavumilia chumvi, ila fremu za milango ni chuma. Maji yalikaa ndani msimu mzima, na nilipogundua nilikuwa naweza kutoboa fremu kwa kidole.

La pili lingeweza kutuua. Nilipoziba mbele vizuri kabla ya kushughulikia nyuma, mimi na Mjomba tulifika Newala vichwa vinatugonga. Hewa ilikuwa haiingii tena kwa mbele, kwa hiyo ule uvutaji wa nyuma ukawa unaleta ndani moshi wa eksozi yenyewe. Tulilaza pazia la nyuma, tukalikaza kwa kamba mpaka chini, bomba la eksozi lililokuwa limepasuka likachomelewa na kurefushwa lipite ukingo wa bodi, na tangu siku hiyo kifuniko kimoja cha hewa mbele kinaachwa wazi kidole kimoja. Kinavuma kidogo. Uache uvume.

Filimbi moja bado ipo, kona ya dirisha la kulia, ikifika 75. Nitaitafuta korosho zikiisha ghalani.

Safari ya kwanza na turubai jipya nilimfuata Mjomba mjini kliniki ya macho, tukaondoka saa moja asubuhi. Baada ya Naliendele nikapanda mpaka 70, nikasubiri. Turubai lilikuwa limetulia kama ngozi ya ngoma. Akasema, kwa ile sauti yake ya kawaida, kwamba mikorosho ya mwaka huu imechanua mapema. Nikasikia. Nikamjibu. Akaendelea kuzungumza huku anatazama nje, kutoka kwenye mikorosho akaingia kwenye mto, kutoka kwenye mto akaingia 1964, vita vya Msumbiji vilipoanza, wao wakiwa upande wa pili wa Ruvuma. Akasema walivuka usiku kwa mtumbwi, bibi kabeba mizigo, na mama yangu hajaanza hata kutembea, yupo mgongoni kwake yeye Mjomba, mtoto wa miaka kumi na mbili, amefungwa kwa kanga.

Mama yangu hakuwahi kuniambia, na alipofariki sikujua kama alizaliwa ng'ambo.

"Lakini hii nimeshakusimulia mara nyingi, mpwa wangu," akasema. "Kila tukipita hapa."

Nikatoa mguu kwenye mafuta, gari likashuka mpaka 40. Nikamwambia hapana, mjomba, sikuwahi kuisikia. Alinigeukia akanitazama kwa muda, kama anayehesabu safari zote zile. Tulikuwa tunaikaribia Nanyamba alipoanza tena, safari hii tangu kijijini kwao, kabla ya mto.